Mashine ya Zambarau na Fedha za Baba Mdogo

Sisi wa Rusizi hatuna sababu ya kumcheka mtu anayesema kwamba amepata njia mpya ya kutoa umeme. Mto unaotoka Ziwa Kivu (kwetu huandikwa Rusizi, ng'ambo huandikwa Ruzizi, maji ni yale yale) ulianza kuzungusha mitambo ya Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1989 kikaongezwa kituo cha Ruzizi II, ambacho umeme wake hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Huko Gishoma, ndani ya wilaya yetu, kilijengwa kituo cha megawati 15 cha kuchoma nyiramugengeri, ule udongo mweusi wa mabondeni ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Kaskazini yetu, Karongi, gesi ya methani hufyonzwa kutoka vilindi vya ziwa na kutoa megawati 26. Mto, udongo, gesi ya chini ya ziwa: vyote tumeviona vikigeuka mwanga. Kwa nini basi maji yenyewe yasiwake?

Hilo ndilo swali alilolitumia mtu mmoja aliyekuja Kamembe wakati wa likizo yangu ya mwaka wa pili. Alikuwa na simu yenye video na karatasi nne zilizochapwa vizuri. Kwenye video lilionekana tufe la chuma lenye kidirisha, na ndani yake mpira wa mwanga wa zambarau, umetulia katikati kama jicho. Ulikuwa mzuri kuutazama, siwezi kukataa. Alisema mashine hiyo hutumia kitu kilichomo katika maji ya Kivu, kwamba wenzake wanataka kuitengeneza hapa hapa, na kwamba watakaochangia mapema watakuwa na hisa. Kiwango cha chini kilikuwa faranga 500,000.

Baba mdogo alikuwa na kiasi hicho, kwa sababu alikuwa akiweka akiba ya kununua friza ya pili. Anauza sambaza na nyama karibu na soko, na muuza samaki huujua umeme kwa namna ambayo sisi wa darasani hatuijui: ukikatika, anaanza kuhesabu saa. Aliniita jioni moja baada ya kufunga duka.

"Mwanangu, si wewe unayesomea fizikia? Nisomee karatasi hizi, uniambie kama mtu huyu ananidanganya."

Nasomea ualimu wa fizikia na Kiswahili, mchanganyiko ambao wenzangu wengi huuonea ajabu. Nilizichukua karatasi nikakaa nazo siku tatu. Ugumu wake ni kwamba karibu kila sentensi iliyokuwemo ilikuwa ya kweli.

Ni kweli kwamba maji yana fueli hiyo. Katika atomi 6,400 hivi za haidrojeni, moja ni haidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina nyutroni moja pamoja na protoni. Lita moja ya maji, yawe ya Kivu au ya mvua kwenye bati la nyumba yetu, ina takriban gramu 0.03 za haidrojeni hiyo. Viini vyake vyote vikiunganishwa na mazao yake nayo yakaunguzwa hadi mwisho, nishati yake inakaribia ile ya lita 300 za petroli. Ni kweli pia kwamba jua linaishi kwa kuunganisha viini. Na ni kweli kwamba mashine ya mpira wa zambarau ipo, si hadithi ya kubuni, na kwamba inaunganisha viini hasa.

Wazo lenyewe lina historia ya kuvutia. Mwaka 1950, askari mmoja kijana wa Kisovieti, Oleg Lavrentyev, aliyekuwa kambini katika kisiwa cha Sakhalin na hajafika chuo kikuu, aliandika barua kwenda Moscow akipendekeza kwamba viini vizuiwe kutawanyika kwa kutumia nyavu zenye umeme. Barua ilipewa Andrei Sakharov aisome. Sakharov aliona kwamba wavu ungeunguzwa, akafikiria kutumia sumaku badala yake, na kutokana na mawazo ya aina hiyo ikazaliwa tokamak, mashine ambayo hadi leo ndiyo inayopewa fedha nyingi zaidi katika utafiti huu. Upande wa Marekani, Philo Farnsworth, yule aliyerusha picha ya kwanza ya televisheni ya kielektroniki mwaka 1927, alirudi kwenye wazo la umeme mtupu katika miaka ya 1960, akifanya kazi Fort Wayne, Indiana. Kijana aliyefanya naye kazi, Robert Hirsch, alichapisha matokeo mwaka 1967. Mashine yao kwa Kiingereza ina jina ambalo mimi nimelitohoa kuwa fuzori. Nilifikiria kwanza kuiita fyuza, lakini pale sokoni wangedhani nazungumzia fyuzi ya redio.

Fuzori ni kitu rahisi kuliko inavyodhaniwa. Unachukua tufe la chuma, unatoa hewa yote, unaingiza haidrojeni nzito kidogo sana. Katikati unatundika tufe dogo la nyaya, lenye matundu makubwa, na unalipa umeme hasi wa volti 30,000 hivi. Viini vya haidrojeni vina chaji chanya, kwa hiyo vinavutwa kuelekea wavu kutoka pande zote. Vingi vinapita katikati ya matundu, vinakutana kitovuni, vinapishana, vinapanda upande wa pili, vinasimama, vinarudi tena. Wachache sana wanagongana kwa nguvu ya kutosha hadi wakaungana. (Naona nimeanza kuviita viini "wachache" kama watu. Niliviangalia muda mrefu mno kwenye kioo cha kompyuta, mwalimu wangu anisamehe.)

Sikuwa na namna ya kujenga fuzori, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu. Volti 30,000 huua. Zaidi ya hapo, elektroni zinazogonga ukuta wa chuma kwa nguvu hiyo hutoa miale ya eksirei, na viini vinavyoungana hutoa nyutroni, ambazo hazizuiliwi na ukuta wa matofali wa nyumba ya kupanga. Mdogo wangu aliyekuwa akinitazama tayari alikuwa ameanza kuulizia transfoma za matangazo ya taa. Nilimwambia mashine tutaijenga, ila ndani ya kompyuta.

Kanuni ya mfano wa kompyuta ni hii: huwezi kufuata kila kiini, kwa kuwa ni vingi kupita idadi yoyote unayoweza kuitamka, basi unaweka chembe elfu kadhaa, kila moja ikiwakilisha mamilioni. Unagawanya nafasi kwa miraba. Unahesabu chaji iliyomo katika kila mraba, kutokana nayo unapata uga wa umeme, kutokana na uga unapata nguvu inayosukuma kila chembe, halafu unaisogeza chembe kidogo. Kisha unaanza upya. Mara elfu, mara milioni. Niliandika programu hiyo kwa Python kwenye kompyuta ya mkono iliyonunuliwa Bukavu ikiwa imeshatumika, nikaweka tufe la nje lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 na wavu wa sentimita 3.

Namba za kwanza zilinifurahisha. Kiini kilichoanguka kutoka ukutani kinafika kwenye wavu kikiwa na mwendo wa takriban kilomita 1,700 kwa sekunde. Kutoka hapa Cyangugu hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,200. Kinaivuka nafasi iliyo ndani ya wavu kwa sekunde 35 za bilioni moja. Kwa hiyo hatua ya muda katika programu lazima iwe fupi sana, la sivyo kiini kitaruka kutoka upande mmoja wa wavu hadi mwingine bila kupita katikati.

Hapo ndipo karatasi ya nne ilipoanza kunisumbua. Ilikuwa na grafu, na chini yake maneno kwamba imetolewa na kompyuta. Mstari ulionyesha nishati ya viini ikiongezeka kila vinapopita kitovuni: safari ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya kumi zaidi sana. Baba mdogo alikuwa ameiwekea alama ya kalamu nyekundu. Ndiyo iliyomvutia, na si ajabu, kwa sababu ilifanana na faida ya duka linalokua.

Fikiria kilima na bonde, kitu ambacho Mnyarwanda hahitaji kuonyeshwa. Mpira ukiachiwa juu ya kilima utashuka hadi bondeni na kupanda kilima cha mbele hadi kimo kile kile ulikotoka, kama hakuna msuguano. Hautapanda zaidi. Kiini ndani ya fuzori ni mpira huo, na volti ndizo kilima. Grafu ya karatasi ya nne ilidai kwamba mpira hupanda juu zaidi kila mara, bila kusukumwa na yeyote.

Niliamua kuitengeneza grafu ile makusudi, na haikunichukua hata nusu saa. Kuna njia ya zamani na nyepesi ya kuhesabu mwendo, inayoitwa kwa jina la Euler: unatazama mahali ilipo chembe na mwendo wake wa sasa, unavitumia vyote viwili kama vilivyo kukisia hatua inayofuata. Kasoro yake ni kwamba daima unatumia habari iliyochelewa kidogo. Chembe inayotoka bondeni kupanda inahesabiwa kama vile bado haijaanza kupunguzwa mwendo, na deni hilo dogo halilipwi. Kila ikienda na kurudi, inabaki na ziada. Nilipoichora ziada hiyo nikapata mstari unaopanda kama wa karatasi ya nne, ndugu yake wa damu.

Njia ya pili hupokezana. Mwendo unahesabiwa, kisha mahali, kisha mwendo, kimoja kikiwa nusu hatua mbele ya kingine, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili bila kugongana. Kwa njia hii mpira hushuka, hupanda, na kurudi kimo kile kile, safari baada ya safari. Mstari unalala chali. Na kipimo cha kuzitofautisha ni chepesi hata kwa mtu asiyejua hesabu nyingi: punguza hatua ya muda iwe nusu. Kama faida nayo inapungua kuwa nusu, basi faida hiyo ni ya karani anayehesabu, si ya maumbile. Siwezi kuapa kwamba aliyechora karatasi ile alitumia njia ya Euler. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba mistari kumi ya programu inatosha kuzalisha utajiri wa aina hiyo, na kwamba karatasi haikutaja hatua ya muda mahali popote.

Baada ya kuondoa faida ya uongo, mfano wangu ulianza kuonyesha hasara za kweli. Kubwa ni wavu wenyewe. Wavuvi wa sambaza huku kwetu hutaka wavu unase. Katika fuzori unataka wavu usinase kitu, lakini hauna budi kuwepo. Hata kama asilimia 95 ya eneo lake ni matundu, kila mvuko unapoteza viini 5 katika 100. Ukizidisha 0.95 kwa yenyewe mara 14, unabaki na nusu. Yaani kiini kikienda na kurudi mara chache tu, uwezekano wa kuwa kimeshagonga waya na kuupasha moto ni mkubwa kuliko wa kuwa bado kinasafiri. Nyaya zile zikiwaka nyekundu ndani ya tufe, ni umeme wako huo unaowaka.

Halafu kuna migongano. Viini viwili vinapokaribiana, mara nyingi mno husukumana na kuachana kwa pembe, kila kimoja kikienda njia isiyo yake. Kuungana ni nadra. Mfano wangu ulianza na viini vinavyoelekea kitovuni kwa mstari safi, na baada ya muda vikawa kama watu wanaotoka uwanjani mechi ikiisha. Mwaka 1995 mwanafunzi wa MIT, Todd Rider, aliandika tasnifu nzima kuhusu jambo hili kwa ujumla wake: katika mifumo ambayo chembe hazijafikia utulivu wa joto, kuzizuia zisichanganyikane kunagharimu nishati zaidi ya inayopatikana kwa kuungana. Si kila mtafiti aliukubali uamuzi wake kuwa wa mwisho. Robert Bussard, aliyetaka kuondoa wavu wa nyaya na kuweka sumaku zinazoshika elektroni ili elektroni ndizo ziwe wavu, aliendelea na mpango wake hadi alipofariki mwaka 2007. Mimi naona hoja ya Rider ndiyo ya kujibiwa kwanza kabla ya mtu kuomba fedha ya mtu mwingine.

Sasa nilikuwa na kazi iliyonishinda kuliko programu: kumweleza baba mdogo. Alikulia Bukavu, Kifaransa chake ni cha risiti, na mambo mazito huyazungumza kwa Kiswahili. Nilianza na viini, nikaona macho yake yanaelekea mlangoni. Nikaleta kilima na mpira, akasikiliza. Nilipofika kwenye grafu yake ya kalamu nyekundu aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Hiyo mashine yenyewe inakulaka umeme ngapi?"

Waalimu wangu wa sarufi watakitazama kitenzi hicho kwa jicho lao. Lakini swali lilikuwa kamili kuliko kurasa zangu zote, na jibu nilikuwa nalo. Fuzori ndogo nzuri, ya aina ambayo watu wenye ufundi hujijengea, inaweza kutoa nyutroni milioni moja kwa sekunde. Inasikika kama utajiri. Ukijumlisha nishati ya miungano yote inayoambatana na nyutroni hizo, unapata wati moja iliyogawanywa kwa milioni. Inachokula, kwa volti 30,000 na mkondo mdogo wa miliampea 10, ni wati 300.

"Kwa faranga, baba, ni kama kutia milioni 300 na kurudishiwa faranga moja."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama hiyo faranga moja angalau inapatikana. Nikamwambia inapatikana, na kwamba katika vyuo kama Wisconsin na Kyoto wamezitumia mashine hizi kwa ajili ya hizo nyutroni zenyewe, kwa kuchunguza vitu na kwa mafunzo, bila kuzidai umeme. Nikamweleza pia kwamba mwezi Desemba 2022, huko California, leza kubwa kuliko zote ziliwasha kidonge cha haidrojeni kikatoa megajuli 3.15 kwa megajuli 2.05 zilizokifikia. Dunia nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake, ila leza zile zilikuwa zimevuta megajuli 300 hivi kutoka kwenye gridi.

"Kwa hiyo hata hao wakubwa bado wana deni," alisema.

"Bado."

Hakuniambia siku ile ameamua nini. Mtu yule aliporudi wiki iliyofuata, baba mdogo alimkaribisha kiti, akampa soda, akamuuliza swali lile lile: inakula umeme kiasi gani? Mgeni alijibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Baba mdogo akamwambia kwamba yeye hanunui hata friza bila kusoma kibandiko cha nyuma. Waliagana kwa heshima. Mama mmoja mwenye duka la vitenge, mtaa wa pili, alikuwa ameshachangia. Mpaka leo anaitunza risiti yake kwenye kopo la majani ya chai, na kila nikipita huniuliza kama huko chuoni tumesikia lolote. Sijapata namna ya kumweleza kuhusu mpira na kilima bila kumweleza pia kwamba fedha zake haziko.

Kitu kimoja kinanikera katika jambo hili lote, nacho ni lugha ya karatasi zile. Zilikuwa kwa Kiingereza, kwa watu ambao mgeni alizungumza nao kwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini nilipotafuta maneno ya kumwelezea mzazi wangu ombwe, uga, mkondo na kiini, mengi niliyapata kwenye vitabu vya Tanzania na machache nililazimika kuyatohoa mwenyewe usiku. Mwaka 2023 serikali yetu ilitia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid kuhusu kinu cha majaribio cha nyuklia. Hicho ni cha kupasua viini, si cha kuviunganisha, na ni tofauti inayowezekana kuelezwa kwa Kiswahili kwa dakika mbili. Nimewauliza watu sita pale kwenye kituo cha mabasi cha Kamembe. Wanne walisikia habari hiyo, na hakuna aliyewahi kuelezwa tofauti hiyo na mtu yeyote.

Mfano wangu bado una mapengo. Nimeacha gesi iliyobaki ndani ya tufe, ambayo katika fuzori halisi hunyang'anya viini chaji yao kabla havijafika mbali. Nimeacha pia elektroni. Mdogo wangu, ambaye ameshasahau transfoma, sasa ananisumbua tujaribu wazo la Bussard la kuondoa wavu. Nimemwonyesha shida iliyopo: elektroni yenye nishati ile ile hukimbia mara 60 zaidi ya kiini cha haidrojeni nzito, kwa hiyo hatua ya muda lazima iwe fupi mara 60. Kwa viini peke yake, programu ilichukua saa tatu. Amezidisha mwenyewe akapata siku saba na nusu, na ameshamwomba baba mdogo ruhusa ya kuichomeka kompyuta dukani, kwenye soketi iliyo karibu na friza, wiki ambayo hakutakuwa na samaki wengi.